Malengo ya Fildi: Historia ya Mafunzo kwa Vitendo katika Ustawi wa Jamii

Katika fani ya ustawi wa jamii, mafunzo kwa vitendo yalitangulia darasa. Mwaka 1865 Octavia Hill alianza kusimamia nyumba za wapangaji maskini huko Marylebone, London, zilizonunuliwa kwa fedha za John Ruskin. Kazi ilipopanuka alichukua wanawake wa kumsaidia kukusanya kodi kila wiki, na humo humo kazini ndimo walimojifunzia: kumfikia mpangaji nyumbani kwake, kuona paa linalovuja, kujua nani amepoteza kazi na nani anauguza, kisha kuweka hesabu sawasawa. Hapakuwa na silabasi wala mtihani. Mgeni alifuatana na mzoefu mpaka akaaminiwa kwenda peke yake. Jumuiya ya kuratibu misaada iliyoundwa London mwaka 1869, na nyingine za mfano wake zilizoenea Marekani kuanzia Buffalo mwaka 1877, ziliwafundisha watembeleaji wao kwa njia iyo hiyo.

Uanagenzi huo ulitoa watu hodari, lakini ulikuwa na kasoro kubwa. Alichojifunza mtu kilitegemea aliyefuatana naye na matukio ya wiki ile. Aliyepangwa na mkongwe mwenye subira alitoka na ujuzi. Aliyepangwa na mtu mwenye shughuli nyingi alitoka na uchovu. Hakuna aliyeandika mapema mwanafunzi anatakiwa aweze nini siku ya kuondoka.

Mwaka 1897, katika mkutano wa kitaifa wa mashirika ya misaada uliofanyika Toronto, Mary Richmond alitoa hoja kwamba kazi hii inahitaji shule yake. Wakati huo alikuwa katibu mkuu wa jumuiya ya misaada ya Baltimore, na aliwaona vijana wengi wakiingia kazini bila maandalizi. Hakutaka shule ya nadharia tupu. Alitaka iwe katika jiji kubwa, karibu na mashirika, ili wanafunzi wafanye kazi halisi chini ya uangalizi huku wakisoma. Mwaka uliofuata jumuiya ya New York ilianzisha kozi ya wiki 6 wakati wa kiangazi. Kozi hiyo ilikua mpaka ikawa shule ya mwaka mzima mwaka 1904, na baadaye ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Columbia. Desturi ya mwanafunzi kugawa muda wake kati ya darasa na kituo cha kazi ilipata mizizi katika shule za namna hiyo.

Kuwa na shule, hata hivyo, hakukuondoa swali la nani mwenye mwanafunzi. Shirika lilihitaji mikono. Majalada yalikuwa mengi, na mwanafunzi asiyelipwa alikuwa msaada mkubwa. Ilikuwa rahisi apewe kazi zilizorundikana badala ya kazi zinazomkuza. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho mwaka 1920 kiliipokea shule ya ustawi wa jamii ya jiji hilo, Edith Abbott na Sophonisba Breckinridge walisimamia msimamo kwamba muda wa kituoni ni masomo, na chuo ndicho chenye wajibu wa kuhakikisha kuna kinachofundishwa. Msimamo huo ndio msingi wa kila fomu ya malengo inayojazwa leo.

Hatua iliyofuata ilihusu namna mtu anavyojifunza kazi ya kukutana na shida za wenzake. Bertha Reynolds, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo cha Smith, alichapisha mwaka 1942 kitabu kilichoeleza hatua 5 za mwanafunzi. Mwanzoni anajifikiria yeye tu: atasema nini, ataonekanaje. Kisha anahangaika kujinusuru, akifanya anachoambiwa kwa kubahatisha. Hatua ya tatu ndiyo inayowavunja moyo wengi, kwa sababu mwanafunzi anaelewa kilichopaswa kufanyika lakini hawezi kukifanya mahojiano yanapoendelea. Anakiona makosa yakishatendeka. Baada yake huja umahiri wa kiasi, na mwisho uwezo wa kumfundisha mwingine. Thamani ya maelezo haya kwa upangaji wa malengo ni kubwa. Lengo linalomfaa mwanafunzi wa wiki ya pili halimfai wa mwezi wa nne, na msimamizi anayejua hatua ya tatu ilivyo hatamhukumu kijana kuwa hana kipaji wakati yuko njiani kuelewa.

Lugha ya malengo yenyewe ilitoka kwa wataalamu wa elimu. Ralph Tyler, pia wa Chicago, alieleza mwaka 1949 kwamba mpango wowote wa masomo uanze na makusudio, ndipo yafuate mazoezi ya kuyafikia, mpangilio wake, na njia ya kupima kama yamefikiwa. Charlotte Towle, mwalimu wa ustawi wa jamii katika chuo kicho hicho, mwaka 1954 alitoa kitabu kuhusu mwanafunzi wa taaluma, akisisitiza kuwa mafunzo haya hugusa hisia pamoja na akili. Baraza la elimu ya ustawi wa jamii la Marekani, lililoundwa mwaka 1952, lilifanya uchunguzi mpana wa mitaala uliotolewa mwaka 1959 katika juzuu 13, nao pia uliyatanguliza malengo.

Mkataba wa kujifunza ulipata nguvu kuanzia miaka ya 1970, kwa mchango wa Malcolm Knowles na mawazo yake kuhusu elimu ya watu wazima. Mwanafunzi aliandika anachotaka kukiweza, atatumia njia gani, ataonyesha ushahidi gani na lini, kisha akakubaliana na msimamizi. Mamlaka yalihama kidogo: aliyekuwa anapangiwa sasa alikaa mezani. Mwaka 2008 baraza la Marekani lilitangaza mafunzo ya kituoni kuwa ndiyo njia kuu ya ufundishaji wa fani hii, likapima kwa umahiri unaoonekana kazini. Kiwango cha chini kilikuwa saa 400 kwa shahada ya kwanza na 900 kwa shahada ya uzamili.

Afrika ilikuwa na historia yake. Cairo ilipata shule katika miaka ya 1930, na Johannesburg ikapata Jan Hofmeyr mwaka 1941, shule iliyowafundisha Waafrika, akiwemo Winnie Mandela, ambaye baadaye alifanya kazi katika hospitali ya Baragwanath. Tanzania ilianzisha Taasisi ya Ustawi wa Jamii mwaka 1973, jijini Dar es Salaam. Hapa fildi humpeleka mwanafunzi kwenye ofisi ya halmashauri, hospitali, mahabusu ya watoto au makao ya watoto, ambako ofisa mmoja hubeba eneo kubwa. Mazingira hayo hayafai malengo yaliyonakiliwa kutoka ng'ambo.

Tofauti kati ya lengo linalofaa na lisilofaa huonekana kwenye maandishi. Lengo linalosema mwanafunzi atajifunza mawasiliano halimwongozi yeyote, na mwisho wa fildi halipimiki. Linalosema kwamba kufikia wiki ya 6 atamhoji mlezi wa mtoto aliye katika mgogoro na sheria, kisha kuandika rasimu ya ripoti ya uchunguzi wa jamii ambayo ofisa ataisahihisha kabla haijafika mahakamani, linampa kazi, muda na kipimo. Linamlinda mtoto pia, kwa kuwa rasimu ya mwanafunzi haiendi mbele ya hakimu bila jicho la ofisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imewapa maofisa ustawi wa jamii majukumu mazito mbele ya Mahakama ya Watoto, kwa hiyo lengo kama hilo linatokana na kazi yenyewe.

Viwango vya kimataifa vya elimu ya fani hii, vilivyopitishwa Adelaide mwaka 2004, vilivitaka vyuo kuwaandaa na kuwasaidia wasimamizi wa vituoni, na kuwapa mwongozo ulioandikwa wa kazi na tathmini. Pale ambapo msimamizi hajaandaliwa, malengo huandikwa wiki ya mwisho pamoja na kitabu cha kumbukumbu za kila siku, na mwanafunzi hurudi chuoni akiwa amefanya kazi ya kituo bila kufundishwa kazi yake.