Kuacha chuo si mwisho wa safari ya ajira

KIJANA wa Kikoneni, Kaunti ya Kwale, anayeacha chuo kwa kukosa karo hurudi nyumbani bila cheti. Mara nyingi kinachomngoja ni bodaboda, kibarua cha ujenzi au shamba la minazi. Ajira nazo zilipungua kampuni ya Base Titanium ilipokomesha uchimbaji madini Kwale, Desemba 2024.

Hata hivyo, mlango haujafungwa. Aliyejifunza uashi, umeme au ushonaji kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, nayo inasimamia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: mwombaji hutathminiwa kwa kazi anayoiweza, na akifuzu hupewa cheti.

Lisisahaulike jambo moja: kuacha masomo hakufuti mkopo wa HELB. Ni heri kuwasiliana na bodi hiyo mapema ili kupanga malipo.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi usio na cheti nao huuzwa kwa bei ya kibarua.