Mzungu wa Kazi: fundi aliyeishia Usambiro

Wadau, leo tuweke siasa pembeni tuongee historia kidogo, na historia yenyewe ni ya hapa hapa ziwani kwetu. Vijana wengi wa Nyamagana wanapita Makongoro kila siku, kanisa la AIC wanaliona, lakini ukiwauliza Ukristo ulifikaje upande huu wa ziwa, wengi watakujibu "si Wazungu walikuja?" Basi, mazungumzo yameishia hapo. Hebu tuendelee mbele kidogo.

Alexander Mackay alizaliwa Uskochi mwaka 1849. Hakuwa mchungaji, alikuwa injinia. Alifika Zanzibar mwaka 1876 kwa tiketi ya CMS, wamisionari wa Kianglikana, na hadi anakufa hakurudi kwao hata kwa likizo.

Katikati ya mwaka 1878 alifika Kageye, ambayo leo iko wilaya ya Magu. Hali ilikuwa mbaya. Wenzake wawili, Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877. Boti yao, Daisy, ilikuwa imeharibika, na mizigo imetawanyika. Mackay alifanya nini? Alivuka kwenda Ukerewe kwa mtemi Lukonge, bila bunduki, kuzungumza amani. Akarudi salama, akakunja mikono ya shati, akaanza kuitengeneza boti.

Novemba mwaka huo huo alikuwa Buganda kwa Kabaka Mutesa. Huko alichimba kisima, akafua vyuma, akachonga herufi za mbao kwa mkono wake ili achape karatasi za kusomea. Mama yake Kabaka alipofariki mwaka 1882, fundi aliyeitwa kutengeneza jeneza ni yeye. Sio jeneza moja, ni matatu, moja ndani ya jingine, na lile la nje lilikuwa kubwa kama nyumba! Watu wakampa jina: Mzungu wa kazi.

Vijana walikuja kushangaa mashine, wakabaki kujifunza kusoma. Mmoja wao aliitwa Sembera. Mwaka 1881 alimwandikia Mackay barua ya kuomba ubatizo, kalamu yake ikiwa kijiti cha nyasi na wino wa kujitengenezea. Alibatizwa Machi 1882, akachagua kuitwa Mackay. Jamani, mtu hachukui jina la mtu anayemchosha.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akaingia Mwanga. Wakristo wakauawa, na Julai 1887 Mackay akafukuzwa. Akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, upande wetu huu. Mwezi Machi 1888 mwenzake Blackburn alifariki hapo, na kabla mwezi haujaisha Askofu Parker naye akafuata. Makaburi mawili, na kazi iko pale pale.

Stanley alipita Usambiro mwishoni mwa Agosti 1889 akiwa na Emin Pasha, akakaa karibu wiki tatu. Alikuta nyumba ya udongo yenye kuta nene, vitabu vimejaa, karakana inafanya kazi, boti mpya inajengwa, na Injili inatafsiriwa kwa Kiganda. Kilichomshangaza Stanley, ambaye hakuwa mtu wa kusifia ovyo, ni kwamba Mackay hakuwa analalamika. Miaka 11 kando ya ziwa, wenzake wamezikwa, na bado alikuwa anaamka na nyundo yake kama mtu anayekwenda harusini.

CMS walipopendekeza arudi Ulaya apumzike, jibu lake la Januari 1890 kwa ufupi lilikuwa: huu si wakati wa kurudisha watu, leteni wengine. Mwezi uliofuata malaria ikamuua. Alikuwa na miaka 40. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Sasa tusimfanye malaika. Mackay aligombana vibaya na mapadri Wakatoliki, na aliandika barua kuhimiza Uingereza iingilie mambo ya Buganda. Mbegu hiyo nayo ilizaa. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana Mengo, na kati ya waliouawa ni Sembera Mackay, yule yule wa kalamu ya nyasi. Inauma.

Lakini kuna upande mwingine. Kituo cha CMS cha Nassa, ambayo leo iko wilaya ya Busega, kilichoanzishwa mwaka 1888, hakikufa na Mackay. Walimu wa Kiganda walivuka ziwa kuja kufundisha pale. Yaani waliofundishwa kaskazini walirudisha deni kusini. Mwaka 1909 CMS waliikabidhi Nassa kwa Africa Inland Mission, na huko ndiko lilikoanzia kanisa la AIC Tanzania, ambalo makao yake makuu yako hapa Mwanza.

Kinachonigusa mimi ni hiki: Mackay alikufa bila kuona lolote kati ya hayo. Hakuna aliyempigia makofi Usambiro. Siku hizi tunataka huduma yenye spika kubwa na mabango barabarani, na tukikosa matokeo ndani ya miezi sita tunasema Mungu hayupo kwenye mpango. Yeye alikuwa na kisima, jeneza, herufi za mbao na uso usionuna.

Wewe ni Mkristo, Mwislamu au huna dini, swali ni lile lile: kazi yako unaifanya kwa uso gani siku ambayo hakuna anayekuangalia?

Nawaachia hilo. Wikiendi njema, wana Rock City!