Nyumba Kuukuu za Mazimbu na Bi Harusi wa Leo



Bi harusi akipelekwa nyumba kuukuu ya ukoo, mara nyingi huona ameonewa. Leo tuwapeleke Mazimbu, Morogoro, mbele ya milima ya Uluguru.

Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge, likaja kuachwa, nyumba zake zikachakaa. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana wakapigwa risasi. Vijana wengi walikimbia nchi, wengine wakafika kwetu bila shule wala makao. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ilikipa chama chao, ANC, eneo la Mazimbu. Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo alikuwa mwanamke, Mama Anna Abdallah, na alisaidia sana eneo lile lipatikane.

Wageni wale hawakuanza kwa kubomoa. Walikarabati kwanza nyumba za shamba, wakalala na kusoma humo, ndipo wakaongeza majengo kadiri watu walivyoongezeka. Yakaja madarasa na mabweni. Kina mama wadogo na wachanga wao wakapata kituo cha watoto chenye jina la Charlotte Maxeke. Ikaja hospitali, karakana ya samani, na, sisi wa cherehani tunafurahi kulitaja, karakana ya kushona nguo. Shule ikaitwa Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22.

Mwaka 1992, wakirejea kwao, walikabidhi majengo yote kwa Serikali. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Tazameni mambo mawili. Kwanza, mpangilio: paa na kuta za zamani zitengenezwe kabla ya chumba kipya, na chumba kiongezwe mtoto anapokuja. Pili, ilijulikana tangu mwanzo ardhi ni ya nani, hata kuagana kukawa kwa heri.

Hapo ndipo wengi wetu tunaumia. Nyumba ya marehemu babu ina warithi. Kabla hujauza dhahabu yako ya mahari kununua saruji, mwombe mumeo mirathi igawiwe kisheria, na ulichotoa kiandikwe mbele ya mashahidi. Kuandikiana si kukosa imani. Dini yetu imetuagiza kuandika madeni. Ukishajua fungu lenu ni lipi, ita fundi.