Mpira Uliohama Kazi

Mitaa ya mashariki ya Nairobi haikukusudiwa kuwa mahali pa kuzaliwa watoto. Serikali ya kikoloni ilimtaka mwanamume aje mjini kufanya kazi kisha arejee kwao, na nyumba nyingi ilizojenga huko zilikuwa vyumba vya kulaza wanaume. Lakini wanawake walikuja, na watoto wakazaliwa. Katika mwaka 1926 hospitali ya uzazi ilianzishwa Pumwani, ikaitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati ule. Ndiyo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ya leo, na wenyeji wengi wa Majengo, Kaloleni na Bahati waliliona jua kwa mara ya kwanza huko.

Mama akifika hospitalini na uchungu wake, mkunga humwongoza tu. Shida kubwa ni pale mimba inapopasa kukoma na uchungu haujaja. Mathalani, shinikizo la damu likipanda sana, kifafa cha mimba hunyemelea, nacho huweza kuua mama na mtoto. Dawa hutuliza degedege, lakini ugonjwa wenyewe hauondoki mpaka mtoto na kondo watoke. Tena mlango wa kizazi, ukiwa bado mgumu na umefungwa, hausikii haraka ya mtu. Akitiwa dripu ya kuleta uchungu kabla mlango haujalainika, mama huweza kuteseka usiku kucha bila faida, kisha akapelekwa kupasuliwa.

Waganga wa Ulaya walihangaika na mlango huu tangu zamani. Katika miaka ya 1860 Robert Barnes wa London alitumia mifuko ya mpira iliyojazwa maji. Huko Paris, katika mwaka 1888, Champetier de Ribes alileta mfuko wa hariri usiopitisha maji. Mifuko ilifungua mlango, naam. Lakini siku zile hapakuwa na antibiotiki, na chombo chochote kilichoingizwa mwilini kiliweza kuingia pamoja na homa ya uzazi. Si ajabu kwamba wengi waliiogopa.

Chombo kilichoirudisha fikira hiyo hakikutengenezwa kwa ajili ya wazazi. Katika miaka ya 1930 Frederic Foley, daktari Mmarekani wa magonjwa ya njia ya mkojo, alitengeneza mrija wenye puto dogo nchani. Puto likijazwa maji ndani ya kibofu, mrija hauchomoki. Wodini huitwa mpira wa mkojo. Katika mwaka 1967 madaktari wawili wa Uingereza, Embrey na Mollison, waliandika jinsi walivyoupitisha mpira wa namna hiyo katika mlango wa kizazi.

Kazi yake si ya siri. Puto hujazwa maji safi, aghalabu mililita 30 hadi 80, likiwa juu kidogo ya mlango kwa ndani, kisha mrija huvutwa taratibu na kufungwa pajani. Puto hukandamiza, na mwili wenyewe hutoa kemikali za kuulainisha mlango. Mlango ukifunguka kiasi cha sentimita 3 au 4, puto huanguka lenyewe. Hapo dripu huweza kufuata, nayo hukuta njia imetayarishwa.

Yako mashindano baina ya puto na vidonge vya misoprostol. Katika utafiti wa India uliotangazwa mwaka 2017, kwa wanawake 602 wenye shinikizo la damu, waliomeza vidonge walijifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24 kwa wingi zaidi kuliko waliowekewa mpira. Kwa hiyo puto si bingwa wa mbio. Sifa yake ni nyingine: kidonge kikishamezwa hakirudishwi, bali puto huondolewa mara moja mambo yakiharibika. Kwa mama aliyewahi kupasuliwa, ambaye kovu lake laweza kupasuka uchungu ukizidi nguvu, tofauti hiyo ni kubwa mno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, liliukubali mpira huu, na likakataza misoprostol kwa mama mwenye kovu kama hilo.

Hata hivyo mpira haujiangalii wenyewe. Usiku, wodi ikijaa, lazima awepo mtu wa kusikiliza moyo wa mtoto, kupima damu ya mama inasukuma kwa nguvu gani, na kuandika saa puto lilipoanguka.