Ukimya Katika Chumba cha Marubani

Ewe kijana usomaye kitabu hiki shuleni Bura, karibu na mto Tana, bila shaka umelelewa kujua ya kuwa mkubwa asemapo, mdogo hunyamaza. Ni adabu njema, wala siandiki haya ili uitupe. Walakini iko kazi moja ambayo adabu hiyo, isipowekewa mpaka, imepata kuangamiza watu wengi. Nayo ni kazi ya urubani.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, na ukungu umetanda. Nahodha wa ndege ya Kiholanzi, mtu mashuhuri aliyewafundisha marubani wenzake, alianza kuruka bila ruhusa. Fundi wa mitambo aliyeketi nyuma yake akauliza kama ile ndege ya Kimarekani imekwisha kuondoka njiani. Nahodha akajibu kwa mkazo kuwa imeondoka. Fundi hakuuliza tena. Watu 583 walikufa.

Mwaka 1979 shirika la Marekani la NASA likawakutanisha wataalamu, nao wakakiri kwamba ndege nyingi zilianguka si kwa ubovu wa mitambo, bali kwa sababu walioziongoza hawakusemezana ipasavyo. Yakazuka mafunzo mapya. Nahodha afundishwe kuuliza, na mdogo afundishwe kusema. Amri ikitolewa, wa pili airudie, ili ijulikane kuwa imesikiwa. Kosa litajwe waziwazi, si kwa fumbo. Msemaji asiposikilizwa, aseme tena. Na hatari ikikaribia, naye nahodha haitikii, wa pili ashike usukani. Je, kinyongo? Hicho hungoja mpaka ndege itue.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, Boeing 737-800 ambayo haijamaliza mwaka mmoja kazini, ilikuwa Douala, nchini Kameruni, ikingoja mvua ya radi ipungue ili ije Nairobi. Nahodha alikuwa na umri wa miaka 52, na rubani wa pili miaka 23. Taarifa ya uchunguzi, iliyotolewa mwaka 2010, yamweleza nahodha kuwa mtu mwenye kutawala wadogo wake, na kijana kuwa mtu wa kimya. Hawakupigana wala kutukanana. Ugomvi wa namna hii mara nyingi hauna kelele, na kwa hiyo ni mgumu kuutambua.

Ndege ikapaa bila idhini ya mnara, kama ile ya Tenerife. Ikaanza kulalia kulia polepole. Nahodha akatamka neno la kuwasha mtambo uongozao ndege wenyewe. Kijana hakulirudia, na mtambo haukuwa umewaka. Kwa muda wa sekunde 55 hapana aliyegusa usukani. Sisemi kuwa ukimya ndio sababu pekee, kwani giza lilikuwa nene na nahodha alipoteza hisia ya juu na chini. King'ora kilipolia, aliuzungusha usukani kulia, upande ule ule wa hatari. Kijana naye akataja kwanza kulia, kisha akajisahihisha, akataja kushoto, na tena kushoto. Ndege ilikwisha kupinduka. Iliangukia katika kinamasi cha mikoko, kabla ya dakika mbili kutimia tangu kupaa, na watu wote 114 wakafa.