Pembea ya Idi

Nilipokuwa mdogo pale Kigombe, Idi haikuwa Idi bila pembea ya kuzunguka. Nguzo ilichimbiwa karibu na ufuko, viti vikaning'inizwa kwa kamba za katani, vijana wakasukuma. Sisi tulioketi tuliamini kwamba kuna kitu kinatutupa nje.

Katani nayo ilikuwa mgeni pwani kwetu. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka huo huo, huko Chicago, George Ferris alisimamisha gurudumu lake la abiria, kimo chake karibu mita 80.

Sikukuu moja kamba ilikatika. Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa upande wa baharini. Akaangukia mbele, sambamba na ufuko, akavunjika mkono. Mwenye pembea akawaambia wazee: "Karuka mwenyewe. Kamba ingemtupa, angekwenda moja kwa moja baharini." Kamba, alidai, ilikatika baadaye, kiti kikiwa kitupu. Wazee wakakubali. Hakulipa hata senti ya mganga wa mifupa.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Christiaan Huygens, Mholanzi aliyepata kanuni ya mwendo huo mwaka 1659. Yeye aliiita kani ya kukimbia kitovu. Isaac Newton, katika kitabu chake cha 1687, aliigeuza: kamba ndiyo inayovuta mtu kuelekea kitovuni, ikiachia, hukimbii kitovu, unashika njia iliyonyooka kule ulikokuwa ukielekea. Basi hoja ya yule bwana ilikuwa bure. Aliyeruka na aliyekatikiwa wangeangukia upande ule ule.

Halafu kuna mwendo wenyewe. Kwa duara la mita 3 toka kwenye nguzo, mzunguko wa sekunde 4 huvuta ndani kwa robo tatu ya uzito wa mtoto. Ukiwa wa sekunde 3, mvuto huo unapita uzito wake mzima. Na siku ile, nakumbuka vizuri, vijana walikuwa wakishindana kusukuma.

Nilimchorea ndugu yangu haya yote kwenye karatasi. Kiwiko chake mpaka leo hakinyooki. Akatazama mchoro, akacheka kidogo.

"Kaka, si ni kombeo hili? Tulikuwa tukiamia nalo ndege kila siku. Mbona hukusema?"