Umeme Wafika Mashambani
Wadhani Marekani ilizaliwa na taa? Mwaka 1935 yapata nyumba 9 katika kila 10 za wakulima wake hazikuwa na umeme, hali miji iking'aa. Makampuni yalisita kwenda huko: nyumba zilikuwa mbalimbali, na nguzo na waya ni ghali. Mwaka huohuo Rais Roosevelt aliunda idara ya umeme wa mashambani. Wakulima wakaanzisha vyama vya ushirika, navyo vikakopeshwa fedha. Wajumbe walipita nyumba kwa nyumba wakiandikisha wanachama. Ada mara nyingi ilikuwa dola 5, nazo hazikuwa haba siku zile! Ndipo njia ya waya ikachorwa ramanini. Asiyejiunga, hata nguzo zikipita mlangoni pake, alibaki na taa yake ya mafuta.